Mwanga Upimwe Kwanza, Moduli Inunuliwe Baadaye

Wapo wasimamizi wengi wa shule, hospitali, hoteli na maofisi ambao siku hizi hupewa fedha na amri ya kuunganisha majengo yao kwa faiba, na ambao, wakiisha kuipokea amri hiyo, huanzia mahali palipostahili kuwa mwisho: huenda dukani kutafuta moduli. Moduli ni kile kipande cha chuma, kirefu kadiri ya kidole cha shahada, kinachochomekwa katika tundu la swichi ili kugeuza umeme kuwa mwanga upande wa kutuma, na mwanga kuwa umeme upande wa kupokea. Muuzaji huwauliza swali moja tu, umbali gani, nao hujibu kwa kukisia. Naye, ama kwa kutojua ama kwa kujua sana, huwapa ile iendayo mbali kuliko zote kwa hoja ya kwamba chenye nguvu hakikosi kufaa. Hoja hiyo ni batili, na ubatili wake ndio ulionifanya niandike. Mwanga unaowasili kwenye moduli una kikomo chini na una kikomo juu, na mtu asiyejua njia yake inapoteza mwanga kiasi gani hawezi kujua anataka moduli ipi, hata kama mkoba wake una fedha za kununulia zote zilizomo dukani.

Tuanze na uzi wenyewe. Ukiivua kebo ya faiba ganda lake la nje, nyuzi zake za kuitia nguvu na rangi yake, utabakiwa na unyuzi wa kioo wenye unene wa mikromita 125, yaani thumni ya milimita moja, na katikati ya unyuzi huo ndipo kilipo kiini kinachopitisha mwanga. Katika faiba ya singomodi kiini hicho kina upana wa mikromita 9 hivi. Katika ile ya maltimodi ni 50, au 62.5 kwa kebo za zamani. Kioo cha kiini kimetengenezwa kwa namna ambayo mwanga hupita ndani yake polepole kidogo kuliko katika kioo kinachokizunguka, na kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo mwanga unaoufikia mpaka wa vioo hivyo viwili kwa pembe ya kulala haupati pa kutokea, bali hurudishwa ndani, na safari ikaendelea hivyo kilomita baada ya kilomita, kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde.

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya mawasiliano huko Harlow, Uingereza, walitoa hoja kwamba kinachoua mwanga ndani ya kioo ni uchafu uliochanganyika nacho zaidi kuliko kioo chenyewe, na kwamba kioo kikisafishwa hata upotevu ukashuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, simu zitaweza kupita humo. Miaka minne baadaye Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walipata uzi uliopoteza desibeli 17. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, na ikasadifu kuwa mwaka huohuo ndipo kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipoanza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, ambayo hata wakati huo mawasiliano yake mengi ya nje yalikuwa yakipandishwa kwenye satelaiti kilomita 36,000 angani na kushushwa tena.

Nimeitaja desibeli, na sharti niieleze, kwa kuwa hapana hesabu ya faiba isiyopita kwake. Ukipoteza desibeli 3 umebakiwa na nusu ya mwanga. Ukipoteza 10 umebakiwa na ushuri. Ukipoteza 20, sehemu moja katika mia. Kwa hiyo uzi ule aliouota Kao ungebakiza sehemu moja katika mia baada ya kilomita moja, ilhali uzi wa leo, ambao kwa mawimbi ya nanomita 1550 hupoteza desibeli 0.2 hivi tu kwa kilomita, hubakiza tisini na tano katika mia. Fadhila ya kipimo hiki ni kwamba hasara za njia hujumlishwa tu, moja baada ya nyingine, hata mtu mwenye kalamu na bahasha kuukuu aweza kuzikamilisha. Mwanga wenyewe hupimwa kwa kulinganishwa na miliwati moja, na kipimo hicho huandikwa dBm: sifuri ni miliwati moja kamili, -10 ni ushuri wa miliwati, -20 ni sehemu yake ya mia. Asiyezoea hudanganyika na alama ya kutoa, akadhani -20 ni mwanga mwingi kuliko -12, na mambo ni kinyume. Mashine ikikuonyesha -40, usijisumbue kwa tafsiri: haioni kitu.

Basi kabla ya kufika dukani, ijue njia. Neno la kwanza ni aina ya uzi uliolazwa. Ganda la manjano kwa desturi ni singomodi. La rangi ya chungwa ni maltimodi ya zamani. La samawati inayoelekea kijani ni maltimodi ya daraja la OM3 au OM4. Lakini rangi ni desturi wala si kiapo, na yaliyopigwa chapa juu ya ganda, mathalan G.652 au OM3, ndiyo ya kutegemewa. Ikiwa bado hujalaza kitu, nasaha yangu ni kulaza singomodi hata kwa masafa mafupi. Wapo watakaokuambia kuwa moduli za maltimodi ni rahisi, nao hawasemi uongo. Ila huangalia bei ya leo wakasahau kwamba kebo huzikwa mara moja na moduli hubadilishwa mara nyingi. Uzi wa OM3 unaochukua gigabiti 10 kwa sekunde mpaka mita 300 huishia mita 70 ukiutaka uchukue gigabiti 100 kwa moduli ya kawaida ya maltimodi, na hapo mwenye jengo hulazimika kufukua mtaro aliokwisha kuufukia na kuusakafia. Uzi wa singomodi hauna adha hiyo.

Aidha, baina ya jengo na jengo nisingekubali waya wa shaba hata pale ambapo mita zake 100 zinatosha. Kioo hakichukui umeme. Radi ikipiga jengo moja haitembei ndani yake kwenda kuunguza swichi ya jengo la pili, na tofauti ya umeme wa ardhi baina ya majengo mawili haipati daraja. Walakini tahadhari na kebo yenye deraya ya chuma, kwa kuwa chuma hicho huchukua kile ambacho kioo kimekataa, na sharti kiunganishwe na ardhi kwa mkono wa fundi wa umeme.

Neno la pili ni urefu wa kweli. Urefu wa kebo si urefu wa barabara, wala si ule mstari ulionyooka unaoupima kwenye ramani ya simu. Kebo hupanda nguzo, hushuka mashimoni, huzunguka viwanja vya watu waliokataa kupitiwa, na katika kila kituo fundi huacha mizunguko ya akiba. Mtake mkandarasi akupe vipimo vya chombo kiitwacho OTDR, ambacho hurusha mapigo ya mwanga ndani ya uzi na kuusikiliza mwangwi wake, kisha kikachora njia nzima pamoja na kila splaisi, yaani kila mahali ambapo nyuzi mbili zimeyeyushwa zikawa moja. Asiyekupa mchoro huo usimmalizie malipo. Nao mchoro uwe wa mawimbi mawili, 1310 na 1550, kwa sababu ambayo mafundi wavivu hawapendi itajwe: uzi uliokunjwa mno hupitisha 1310 vizuri huku ukiimwaga 1550, na kwa hiyo mpimaji wa wimbi moja aweza kukukabidhi njia yenye kovu na kukuapia kuwa ni nzima. Uzi wa kawaida wa singomodi haustahimili mkunjo wenye nusu-kipenyo pungufu ya milimita 30. Zipo aina za G.657 zinazovumilia zaidi, lakini hata hizo hazikutengenezwa ili zipigiliwe misumari chini ya meza.

Sasa hesabu. Tuseme majengo yako mawili yako umbali wa kilomita 6 za kebo, singomodi, na unataka gigabiti 10. Kwa mawimbi ya 1310 uzi hupoteza desibeli 0.35 kwa kilomita, ambazo kwa kilomita 6 ni 2.1. Njia ina viungio vinne vya kuchomeka, na kila kimoja tukihesabie 0.5, jumla 2.0. Ina splaisi tatu, kila moja 0.1, jumla 0.3. Hasara yote basi ni desibeli 4.4. Geukia karatasi ya moduli ya daraja la LR, inayonadiwa kuwa ni ya kilomita 10: utasoma kwamba haitumi chini ya -8.2 dBm, na kwamba kipokezi chake hakitaki kushuka chini ya -14.4. Tofauti ya namba hizo mbili, 6.2, ndiyo haki yako yote. Umetumia 4.4, imesalia 1.8, na mwanga utawasili, kwa hali mbaya kabisa ya moduli, ukiwa -12.6. Njia inafaa. Lakini tazama akiba ilivyo nyembamba: viungio viwili vikiingia vumbi, kila kimoja kikala desibeli moja, akiba imekwisha, na wewe utaanza kulaumu moduli. Namba ya kilomita 10 iliyoandikwa juu ya kasha ni ahadi yenye masharti, na masharti yenyewe ndiyo hayo tuliyoyahesabu. Mwenye kilomita 6 na viungio kumi vichafu aweza kushindwa pale ambapo mwenye kilomita 10 na viungio viwili safi amelala usingizi.

Tumrudie muuzaji wetu na moduli yake ya mbali. Ile ya daraja la ZR, inayosemwa kuwa ya kilomita 80, hutuma kwa 1550 mwanga ambao aghalabu huanzia 0 na kufikia +4 dBm, na kipokezi chake kimefanywa kuwa chepesi mno cha hisia ili kiokote mabaki ya mwanga uliochoka, hata -24. Kipokezi cha namna hiyo hakitaki zaidi ya -7. Ipitishe katika njia yetu ya kilomita 6: kwa 1550 uzi utakula desibeli 1.3 hivi, viungio 2.0, splaisi 0.3, jumla 3.6, na mwanga wa +4 utawasili ukiwa +0.4, yaani zaidi ya desibeli 7 juu ya kikomo. Kinachofuata ni mojawapo ya mambo mawili. Ama kipokezi kitajaa hata kisitambue moja na sifuri, makosa yakamiminika ilhali taa ya swichi inawaka kijani na kila mtu anashangaa. Ama kitaumia kisipone, na fedha zilizozidi zikawa zimenunua upofu. Ikiwa moduli hizo umekwisha kuuziwa na mwenye duka hazirudishi, dawa ipo: chomeka upande wa kupokea kipunguza mwanga cha desibeli 10, nao mwanga utashuka mpaka -9.6, na hata kama moduli ya upande wa pili ni ile dhaifu ya 0, utawasili -13.6, salama pande zote. Kifaa hicho bei yake ni ndogo. Usijaribu kupata matokeo yaleyale kwa kuukunja uzi, jambo ambalo wapo mafundi wanaolifanya na kulionea fahari.

Nimefika kwenye uchafu, na hapa naomba subira ya msomaji, maana katika matatizo ya faiba yanayoletwa kwa mafundi hakuna lililo la kawaida kuliko hili wala linalodharauliwa kuliko hili. Tazama kiungio cha aina ya LC, kile kidogo chenye ulimi wa kubofya: mbele yake kimechomoza kijiti cheupe cha kauri chenye kipenyo cha milimita 1.25, na katikati ya uso wa kijiti hicho, mahali ambapo jicho halioni kitu, ndipo kilipo kile kiini cha mikromita 9. Chembe moja ya vumbi la kawaida yaweza kukifunika chote. Kiweke chini ya hadubini ya faiba nawe utaona duara la kijivu lililo laini, na ndani yake duara dogo lenye nuru. Na kama kuna mtu aliyekigusa kwa kidole, utaona mafuta ya ngozi yametanda juu yake kwa mawimbi, na chembe zimenasa ndani ya mafuta hayo. Ukikichomeka hivyo hivyo, chembe husukumwa na kauri ya upande wa pili mpaka ikachimba kioo, na hapo hakuna kitambaa duniani kitakachokirudisha kiungio hicho katika hali yake.

Basi kanuni ni kukagua, kusafisha, kukagua tena, ndipo kuchomeka. Safisha kwanza kwa ukavu, ama kwa kalamu ya kusafishia inayolia inapobonyezwa, ama kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ukikipitisha kwa upande mmoja bila kurudi. Mafuta yakikataa, tia tone la alkoholi safi ya isopropili, kisha kausha papo hapo, kwa kuwa alkoholi iliyoachwa ikauke yenyewe huacha utando. Usipulize kwa kinywa. Pumzi ina maji. Usifute kwa shati, kama mzee anayefuta miwani kwa upindo wa kanzu. Usiamini pachikodi, yaani kebo fupi ya kuunganishia, iliyo mpya na iliyotoka katika mfuko wake muda huu huu, kwa sababu kifuniko cha plastiki hukinga kisichakae lakini chenyewe hakikuahidi kuwa kisafi. Na ukisafisha kijiti, usisahau tundu la moduli linalokipokea, ambalo lina kioo chake ndani na ambalo, kwa kuwa halionekani, hukaa na uchafu wake miaka. Kwetu pwani hewa ya chumvi na unyevu hufanya vumbi ligande. Kule bara, mathalan Dodoma, vumbi jekundu huingia kabatini hata mlango ukiwa umefungwa. Mahali pote pawili kalamu ya kusafishia ni kifaa cha lazima zaidi kuliko moduli ya akiba, na bei yake ni ndogo kuliko ya moduli nyingi.

Na katika kukagua huko, jicho lisielekezwe kamwe kwenye ncha ya uzi uliowashwa. Mawimbi ya 1310 na 1550 hayaonekani na binadamu, wala kope haifungi kujikinga na kisichoonekana. Wapo wanaojaribu kwa kamera ya simu. Kamera huweza kuona 850 ya maltimodi, lakini hayo mengine aghalabu haiyaoni, na kwa hiyo giza kwenye kioo cha simu si dalili ya usalama. Tumia kipima mwanga, au zima moduli kwanza.

Viungio vina jambo jingine ambalo huleta fitina kubwa kuliko umbo lake. Vya rangi ya buluu vimesuguliwa uso ukiwa sawa, na vya kijani vimesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi nyuma utupwe kando. Vya kijani ndivyo vitumikavyo sana katika faiba za majumbani. Buluu na kijani huingiliana kwa nguvu kidogo, na mwenye haraka hufurahi kwamba vimeingia. Lakini nyuso mbili zisizolingana huacha mwanya, mwanga hupotea kwa wingi, na kioo hudhurika.

Sasa waweza kwenda dukani. Jua kasi unayoitaka na tundu ulilonalo: SFP ni ya gigabiti 1, SFP+ ya 10, SFP28 ya 25, na QSFP28, iliyo pana zaidi, ni ya 100. Moduli ya SFP mara nyingi hukubali tundu la SFP+, ikiwa swichi imeruhusu na kasi imepangwa kwa mkono. Kinyume chake aghalabu hakitokei. Moduli za ncha mbili si lazima ziwe za mtengenezaji mmoja, ila sharti zilingane kasi na wimbi, maana ya 850 haisemezani na ya 1310. Na ukichagua zile zinazotumia uzi mmoja badala ya mbili, ziitwazo BiDi, kumbuka kwamba huuzwa kwa jozi zisizofanana: mathalan, moja hutuma kwa 1270 na kupokea kwa 1330, mwenzake hufanya kinyume. Karani wa manunuzi, kwa kupenda usawa, huagiza mbili zilizo sawasawa kabisa, nazo huletwa, na husimama pande mbili za njia zikipigiana kelele kwa wimbi moja bila ya yeyote kusikia.

Kisha kuna fitna ya watengenezaji wa swichi. Umbo la moduli na lugha yake vimewekwa kwa mapatano ya wote, lakini ndani ya kila moduli mna kumbukumbu ndogo iliyoandikwa jina la aliyeitengeneza, na baadhi ya swichi huisoma na kuikataa isiyo ya ukoo wake. Moduli za nje ya ukoo huo, zenye bei ya chini sana, zaweza kuwa njema kabisa, na sioni aibu kuzishauri. Ila nunua kwa yule anayekubali kuiandika kumbukumbu hiyo kwa ajili ya swichi yako, kuijaribu mbele ya macho yako, na kuirudisha isipofaa. Karatasi iliyobandikwa juu ya moduli haithibitishi kitu, maana karatasi huchapwa popote. Iulize swichi yenyewe: itakusomea kutoka ndani ya moduli aina, wimbi, masafa na namba yake, na kama haya hayawiani na yaliyobandikwa juu, rudisha. Yakiwiana, iache ifanye kazi usiku kucha ikiwa na mzigo, na asubuhi utazame hesabu ya makosa ya CRC, yaani ya data iliyofika ikiwa imeharibika. Ikiwa inaongezeka, bei uliyopunguziwa haikuwa rahisi.

Moduli nzuri hujisemea. Karibu zote za leo zina uwezo wa kueleza mambo matano: joto lake, volti zinazoifikia, mkondo wa umeme unaolisha leza, mwanga inaotuma na mwanga inaopokea. Siku ya kwanza, njia ikiwa safi na kazi imekubaliwa, yaandike yote matano katika daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo litakusaidia kuliko utaalamu mwingi wa kubahatisha. Mwanga unaopokelewa ukiwa umeshuka ghafula ilhali unaotumwa na mwenzake uko palepale, tatizo liko njiani, na ukitazama kwanza viungio na mikunjo utakuwa umefanya insafu. Mwanga unaotumwa ukiwa palepale lakini mkondo wa leza unapanda mwezi kwa mwezi, leza inazeeka na inajikaza ili isionekane. Agiza nyingine mapema. Na joto ndilo linaloharakisha uzee huo. Moduli za kawaida zimetengenezwa zifanye kazi baina ya digrii 0 na 70, na mtu hudhani 70 ni mbali, mpaka atakapoiweka swichi katika kabati la chuma chini ya bati, upande wa jua la alasiri, Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Februari. Kwa mahali pa namna hiyo zipo moduli za viwandani zinazovumilia mpaka 85. Ingawa mimi ningeanza kwa kulihamisha kabati. Moduli za waya wa shaba za gigabiti 10 zina joto kali kuliko za mwanga, basi usizipange zikagusana.

Msomaji ambaye hana majengo mawili, ila ana kijisanduku cha faiba ukutani mwa sebule yake, naye ana fungu lake katika haya. Katika mitandao mingi ya majumbani uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64 kwa kigawanyo kisichotumia umeme, na kugawa huko peke yake kwa nyumba 32 hula desibeli zisizopungua 15. Kwa mitandao hiyo ya aina iitwayo GPON, ya daraja lililo la kawaida, kijisanduku chako kinataka mwanga uliowasili uwe baina ya -8 na -27. Siku ya kufungiwa mwambie aliyekuja, "Fundi, naomba nione namba ya mwanga uliofika," na uiandike nyuma ya kijisanduku. Ikiwa ni -18 au -20 umepata. Ikiwa ni -26 huduma itakwenda leo, na mvua ya kwanza itakayotikisa kiungio nguzoni itaizima, basi mwombe asafishe na apime tena kabla hajakunja ngazi yake. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS ikiwaka, mwanga haufiki, na kuzima na kuwasha mara kwa mara hakuuleti.

Na ikiwa taa zote ni za kijani, mwanga wako ni ule ule ulioandikwa daftarini, walakini dunia ya nje haifunguki, usimtume mtu kuchomoa kitu. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikapunguziwa intaneti kwa siku kadhaa, ilhali moduli zilizomo makabatini hazikuwa na dosari yoyote. Waliozichomoa na kuzichomeka siku hizo walichofanikiwa kufanya ni kutia vumbi. Kinachofaa kuulizwa mapema, kabla ya kutia sahihi mkataba, ni kama mtoa huduma ana njia ya pili, na kama njia hiyo ya pili kweli hupita mahali pengine.

Akiba ya moduli iwe kwa kila aina unayoitumia, na kwa zile za BiDi iwe ya pande zote mbili. Ijaribiwe siku inaponunuliwa, si siku inapohitajiwa, kisha irudishwe katika mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kizibo chake kikiwa mdomoni, na juu ya mfuko iandikwe njia inayofaa na kiasi cha mwanga kinachotarajiwa upande wa pili, ili atakayeichomeka usiku wa manane, ambaye huenda si wewe, asihitaji kukuamsha.